Tiketi Moja hadi Minnesota: Shajara ya Mradi wa Ramani

Jumapili, 2 Februari 2025

Tumekubaliana. Itakuwa ramani ya ukutani, ya kuchorwa kwa mkono, itakayoanzia mlango wa ukumbi hadi dirisha la mwisho. Chini ya kila kituo tutaweka msimbo wa kuskani kwa simu ili mtu asikilize maelezo ya Kiswahili, dakika mbili tatu hivi. Mada ni jinsi Wanorwe walivyohamia Marekani enzi za meli za mvuke.

Mmoja wetu aliuliza kikaoni: Waswahili tunatafuta nini kwenye habari za Wanorwe? Jibu liko nje ya dirisha. Ukumbi wetu uko Cedar-Riverside, hapa Minneapolis. Barabara ya Cedar, ambako leo unapata sambusa na kutuma pesa nyumbani, mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa ya Waskandinavia. Watu waliibandika jina la Snoose Boulevard kwa sababu ya ugoro ambao wenyeji wake waliuweka mdomoni. Chuo cha Augsburg, jirani zetu, kilianzishwa na Walutheri wa Kinorwe na kikahamia Minneapolis mwaka 1872. Mtu akikaa mahali anataka kujua waliomtangulia walifikaje.

Kazi zimegawanywa. Mpwa wangu anachora. Dada mmoja aliyekuwa mtangazaji wa redio Bujumbura anasoma. Bibi jirani, ambaye wazee wake walitoka bonde la Gudbrandsdal, anajua kusoma mwandiko wa kale na atatusaidia kwenye nyaraka. Mimi nakusanya habari na kuandika. Kabla ya kuja huku nilikuwa wakala wa forodha bandari ya Dar es Salaam, kwa hiyo nawaonya mapema: nikiona meli, swali langu la kwanza ni nani kalipia, na la pili ni inarudi na nini.

Jumapili, 16 Februari

Tumebishana kuhusu mahali pa kuanzia. Kila mtu anataka Restauration, na naelewa kwa nini. Ni kisa kitamu. Merikebu ndogo ya mita 16 hivi inatoka Stavanger Julai 1825 na watu 52, wengi wao Waquaker, dhehebu dogo la Kikristo, na wafuasi wengine wa dini waliochoka kubanwa nyumbani. Inapitia Madeira, ambako inasimuliwa kwamba waliokota pipa la mvinyo likielea baharini, wakalinywa, wakaingia bandari ya Funchal bila bendera na nusura wapigwe mizinga. Wanafika New York tarehe 9 Oktoba wakiwa 53, maana mtoto kazaliwa njiani. Halafu wanatozwa faini, kwa sababu sheria ya Marekani ya 1819 iliruhusu abiria wawili tu kwa kila tani tano za meli. Rais John Quincy Adams ndiye aliyewasamehe.

Lakini baada ya hapo ilipita miaka 11 kabla ya meli nyingine kuondoka Stavanger na wahamiaji. Kuanzia 1825 hadi mwisho wa 1865, Wanorwe walioondoka hawafiki 80,000. Kuanzia 1825 hadi miaka ya 1920, jumla inapita 800,000. Toa hesabu mwenyewe: wengi wao waliondoka enzi za mvuke. Mwaka 1882 peke yake waliondoka 28,804, katika nchi yenye watu milioni 1.9 hivi. Ni kama watu 15 katika kila 1,000, ndani ya mwaka mmoja. Katika Ulaya yote, ni Ireland tu iliyotoa sehemu kubwa zaidi ya watu wake.

Uamuzi: Restauration itapata nafasi ya ukubwa wa kiganja, pembeni kule chini. Mstari mkuu unaanzia gatini Christiania, mji ambao tangu 1925 unaitwa Oslo.

Sababu za kuondoka nitaziandika kwa kifupi, kwa sababu msikilizaji wetu hahitaji kuelezwa sana. Ardhi inayolimika Norwe ni asilimia 3 hivi ya nchi. Iliyobaki ni mawe, misitu, barafu na maji. Watu walikuwa 883,000 hivi mwaka 1801, na kufikia 1865 walikuwa wamefika milioni 1.7. Shamba linamwendea mtoto wa kwanza. Wadogo zake wanabaki vibarua, au wanakaa kwenye kibanda pembeni mwa shamba la mtu na kulipa kwa siku za kazi. Upande wa pili wa bahari, sheria ya 1862 inampa mtu ekari 160 akizikalia na kuzilima kwa miaka mitano. Mtu wa Kilimanjaro au wa Kisii, ambako shamba limekatwa hadi kubaki kihamba cha migomba, ataelewa kabla hatujamaliza sentensi.

Jumapili, 9 Machi

Wiki hizi zimekwisha kwenye madaftari ya polisi. Polisi wa Norwe waliandikisha wahamiaji bandarini: Christiania na Trondheim kuanzia 1867, Bergen kuanzia 1874. Ya Stavanger yaliyobaki yanaanzia 1903. Hifadhi ya taifa lao imeyaweka yote kwenye Digitalarkivet, bure, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuyafungua. Bure kabisa! Mimi niliyewahi kusota kwenye korido kwa ajili ya nakala ya karatasi moja nimeshika kichwa.

Bibi jirani alikuja na miwani miwili. Ukurasa una safu: tarehe, jina, kazi, umri, mahali alikotoka, anakokwenda, kampuni ya meli. Alinionyesha jinsi herufi ya e ya mwandiko ule inavyofanana na n, na jinsi karani aliyechoka anavyofupisha majina. Ilipofika saa ya chai tulikuwa tumemaliza nusu ukurasa, na kati ya watu hao Ole Olsen walikuwa zaidi ya mmoja. Enzi hizo Wanorwe wengi hawakuwa na jina la ukoo la kudumu. Mtu alikuwa mwana wa fulani au binti wa fulani, na akitaka kujitofautisha anaongeza jina la shamba analoishi. Akihama shamba, na jina linahama. Sheria ya kumtaka kila mtu awe na jina la ukoo ilikuja 1923. Ndiyo maana Wamarekani wengi wenye asili ya Norwe leo wanaitwa kwa jina la shamba ambalo hawajawahi kuliona.

Jambo moja limebadilisha mchoro mzima. Safu ya meli mara nyingi haitaji meli iliyovuka Atlantiki. Utaona Angelo, meli ya kampuni ya Wilson ya Hull, iliyojengwa 1874 kwa njia ya Christiania. Angelo ilikuwa inaishia Hull, Uingereza. Mjukuu wa mtu anaitafuta Angelo kwenye orodha za New York usiku kucha na hataipata, kwa sababu babu yake alishuka, akapanda treni, akapanda meli nyingine ya kampuni nyingine. Kwenye biashara yetu tungesema shehena ilibadilishiwa chombo njiani. Kilichobaki kilekile kutoka mwanzo hadi mwisho ni tiketi.

Basi ramani inafuata tiketi. Meli zitakuwa vituo tu.

Jumamosi, 22 Machi

Kuhusu tiketi, maana hapa ndipo penye utamu.

Mhamiaji wa miaka ya 1880 hakuwa anakwenda bandarini kubahatisha meli. Alikata tiketi kwa wakala, na tiketi ilikuwa mkataba wa safari nzima: meli kutoka Norwe hadi Hull, treni ya kukatiza Uingereza, malazi Liverpool akingoja, meli ya Atlantiki, na mara nyingi hata reli ya Marekani hadi Chicago, La Crosse au Minneapolis. Sheria ya Norwe ya 1869 iliweka mawakala chini ya usimamizi wa polisi, na mkataba wa mhamiaji ulipitishwa kwao kabla hajapanda. Madaftari yale tunayosoma yametokana na ukaguzi huo. Serikali haikuwazuia watu kuondoka, ila ilitaka kujua kama wanatapeliwa.

Wakala mkuu alikaa mjini. Chini yake walikuwepo mawakala wadogo vijijini, wenye maduka na wengine wenye kufahamika na watu, wanaolipwa kamisheni kwa kila kichwa. Makampuni yalifika mbali zaidi: yalimpa nauli ya bure Mnorwe aliyekwishahamia Marekani, arudi kijijini kwao majira ya baridi, akae na watu, ale nao, ajibu maswali yao, na majira ya kuchipua aondoke na kundi. Tangazo gani la gazeti lingemshinda huyo?

Halafu kuna tiketi ya kulipiwa. Kaka aliyetangulia anakwenda kwa wakala wa Minneapolis, analipa, na tiketi inatumwa hadi kwa mdogo wake bondeni. Ni kama mtu wa Mwanza anavyokatiwa basi na nduguye aliyeko Dar. Yeye anakwenda stendi na jina lake tu. Sehemu kubwa ya Wanorwe walisafiri hivyo, na madaftari ya baadaye yanaonyesha kama tiketi ililipiwa Norwe au Marekani. Mdogo naye akifika anafanya kazi, analipa deni, kisha anamlipia mwingine. Hela ya kuwahamisha watu ilitoka kwenye mashamba ya ngano ya Minnesota na Dakota, na kwenye mishahara ya mabinti waliofanya kazi za ndani mijini.

Mtangazaji wetu akasoma rasimu akasema, “Kaka, hii ndiyo habari yenyewe. Hayo mengine ni maji tu.” Sawa, ila maji nayo tutayasema.

Jumapili, 30 Machi

Swali langu la pili: meli inarudi na nini?

Enzi za tanga jibu lilikuwa mbao. Uingereza ilipofuta sheria zake za kulinda meli zake mwaka 1849, merikebu za Norwe zikaruhusiwa kuchukua mbao Quebec na kuzipeleka Uingereza. Lakini kwenda Quebec zilikuwa zinakwenda tupu, na meli tupu inakula pesa. Mafundi wakapiga vitanda vya muda kwenye ngama ya mizigo, watu wakapakiwa, na Quebec vitanda vikabomolewa ili magogo yaingie. Ndiyo maana miaka ya 1850 Wanorwe wengi mno walishukia Quebec, hata waliokuwa wanakwenda Wisconsin. Binadamu walikuwa mzigo wa kuziba pengo. Chakula walijibebea wenyewe, cha kutosha wiki 10 au zaidi: mikate mikavu myembamba ya flatbrød, nyama ya chumvi, jibini. Safari ya wiki saba au nane ilikuwa ya kawaida, na upepo ukigoma, zaidi.

Meli ya mvuke ikaja na ratiba. Miaka ya 1870 Liverpool hadi New York ilikuwa siku 10 hadi 12, na chakula kimo ndani ya nauli. Kufikia katikati ya muongo huo merikebu za wahamiaji zilikuwa zimekwisha kabisa. Watu husema ni raha ya safari iliyowavuta. Mimi naona ni kalenda. Mkulima anayejua tarehe ya kuondoka na tarehe ya kufika anaweza kuuza ng'ombe wake wakati wa bei nzuri na akafika kabla ya mavuno, akaanza kulipwa. Miezi miwili baharini ni miezi miwili bila ujira.

Kinachonishangaza ni hiki: miaka ya 1870 Norwe ilikuwa miongoni mwa nchi zenye meli nyingi zaidi za biashara duniani, lakini watu wake wakavushwa na Waingereza. Cunard, White Star, Inman, Guion, Allan, wote walikuwa na wawakilishi wao Christiania. Sababu ni kwamba mtaji wa Wanorwe ulikuwa kwenye mbao na matanga, na meli za tanga zilikuwa bado zinalipa kwa mizigo isiyo na haraka. Bergen walijaribu mwaka 1871, wakaanzisha kampuni ya mvuke ya kwenda moja kwa moja New York, na meli zenye majina ya kifalme kama Harald Haarfager na Kong Sverre. Ikaja mtikisiko wa uchumi wa Marekani wa 1873, wahamiaji wakapungua kwa zaidi ya nusu, na 1876 kampuni ikafungwa. Wadenmaki wa Thingvalla walianza njia ya moja kwa moja 1880. Kampuni ya Kinorwe iliyodumu, Den Norske Amerikalinje, iliundwa 1910, na meli yake ya kwanza, Kristianiafjord, ilianza safari 1913. Kilele kilikuwa kimepita zamani.

Mpwa wangu ameomba tutumie mazoea ya majina kwenye michoro: meli za Cunard ziliishia na -ia, za White Star -ic, za Inman zilianza na City of, na Guion walizipa majina ya majimbo ya Marekani: Nevada, Wyoming, Wisconsin. Fikiria unatoka bondeni kwenu, unapanda Wisconsin kwenda Wisconsin.

Jumamosi, 19 Aprili

Kituo cha Hull kimekamilika. Nimekipa nafasi kubwa kuliko mpwa wangu alivyotaka.

Kutoka Christiania hadi Hull ni kuvuka Bahari ya Kaskazini, siku mbili tatu, na barua nyingi za wahamiaji zinasema hapo ndipo walipotapika kuliko Atlantiki. Meli ni ndogo, mawimbi mafupi. Kisha ngazi inashushwa na unajikuta nchi ambayo hujui hata kuomba maji. Kati ya 1836 na 1914 watu zaidi ya milioni 2.2 walipita Hull wakielekea kwingine: Wanorwe, Waswidi, Wadenmaki, Wajerumani, Wayahudi wa Urusi. Mwaka 1871 kampuni ya reli ilijenga jengo la kungojea la wahamiaji pembeni mwa stesheni ya Paragon, lenye mahali pa kunawa na pa kujikinga na baridi. Treni zao zilikuwa maalumu, wakati mwingine mabehewa 17, ya mizigo yakiwa nyuma. Leeds, Huddersfield, Stalybridge, Liverpool. Uingereza yote waliyoiona ilikuwa moshi na viwanda nyuma ya kioo, kisha usiku mmoja au zaidi kwenye nyumba ya wageni ya Liverpool.

Mpwa alisema, “Mjomba, mbona treni ya masaa machache inachukua nafasi kuliko bahari?” Nikamwambia kwenye kazi ya mizigo, hasara haitokei katikati ya bahari. Inatokea pale unaposhusha na kupakia. Sanduku linapotelea Hull, mtoto anapotelea Lime Street, stesheni ya Liverpool.

Jumamosi, 26 Aprili

Gereji. Tumepima kitanda.

Sheria ya abiria ya Marekani ya Agosti 1882 ilisema kitanda kisipungue futi 6 kwa urefu na futi 2 kwa upana, safu zisizidi mbili kwenda juu, na kila abiria apate angalau futi 100 za ujazo wa hewa, 120 kwenye sitaha ya chini. Tumechukua utepe wa karatasi, tukachora vitanda sita sakafuni, ubavu kwa ubavu. Mpwa wangu akalala cha katikati. Miguu ikatoka nje. Mimi nikalala cha pembeni, na bega langu likawa kwake. Bibi jirani alikataa kulala ila alisimama juu yetu akicheka, halafu akauliza ndoo ya matapishi ingekaa wapi. Hatukuwa na jibu. Njia ya kupita tuliyoacha ilitosha mtu mmoja kwa ubavu.

Na futi hizo 2 kwa 6 zilikuwa nafuu iliyoletwa na sheria. Kwenye meli nyingi za Uingereza za wakati huo abiria wa daraja la chini alikuja na godoro lake la majani makavu, sahani ya bati, kikombe, kijiko na kopo la maji. Vijana wasio na wake walikaa mbele ya meli, familia na mabinti upande mwingine. Dhoruba ikija milango ya juu inafungwa, na hewa ndiyo hiyo mliyobaki nayo. Wakikaribia New York magodoro yanatupwa baharini.

Vitanda sita vya utepe tutavihamishia kwenye sakafu ya ukumbi, chini kabisa ya mchoro wa Atlantiki. Maelezo mafupi tu. Watu watalala wenyewe.

Jumamosi, 10 Mei

Tumekwenda Decorah, Iowa, kwenye makumbusho ya Vesterheim, ambayo mkusanyiko wake ulianza 1877. Masanduku! Ya mbao nzito, kona za chuma, komeo la mhunzi, na maua ya rangi yaliyopakwa kwa mkono: mekundu na ya buluu, yanayojikunja kama mwandiko. Mbele jina la mwenyewe na mwaka. Mengine yana mwaka wa karne ya 18, maana yake lilikuwa sanduku la bibi harusi kabla halijawa la safari.

Niliyatazama kwa jicho la kazi. Mengi yana kifuniko cha mviringo. Hilo sanduku huwezi kulipandishia kitu juu, na kuli akiliona anakasirika. Kwenye meli nyingi mtu mzima aliruhusiwa futi 10 za ujazo za mizigo bila malipo, na lile kubwa kuliko yote, lile la kona ya kulia, linakaribia kuzimaliza peke yake. Ndani waliweka nini? Nguo za sufu, zana za useremala, gurudumu la kusokotea likiwa limefunguliwa vipande, Biblia na kitabu cha nyimbo. Nimepiga picha za kufuli tu. Mpwa kachora lililobaki akiwa amekaa chini, hadi mlinzi akaja kuangalia.

Ijumaa, 4 Julai

Leo nakala ya Restauration imeng'oa nanga Stavanger kwenda New York, miaka 200 kamili. Nimetumiwa video na watu wengi. Inapendeza. Kiganja ni kilekile, siongezi.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekuwa nikiisogeza mbele kazi ya kituo cha Norge. Leo nimeiandika.

Norge ilikuwa meli ya Wadenmaki, kuukuu, ikibeba wahamiaji kutoka Copenhagen, Kristiania (ndiyo ileile Christiania) na Kristiansand moja kwa moja hadi New York. Asubuhi ya 28 Juni 1904 iligonga mwamba karibu na Rockall, jiwe lililo peke yake katika Atlantiki magharibi ya Scotland. Nahodha aliirudisha nyuma, na maji yakaingia kwa nguvu kwenye tundu. Haikumaliza nusu saa. Ilikuwa na watu karibu 800 na mashua 8 za kuokolea. Walikufa 635 hivi, zaidi ya 200 kati yao Wanorwe. Waliopona walikuwa 160 hivi, wakifikishwa Grimsby, Stornoway na Aberdeen, wengine baada ya siku nyingi ndani ya mashua wazi. Kijana mmoja aliyepona baadaye alikuwa mshairi mashuhuri wa Norwe, Herman Wildenvey.

Hadi Titanic ilipozama 1912, hiyo ndiyo ilikuwa ajali kubwa kuliko zote za meli za abiria katika Atlantiki. Hakuna aliyeikumbuka walipokuwa wanapanga mashua za Titanic, na mpaka leo ukiwauliza watu kumi mtaani hapa, hawaijui. Mtu akifa na tiketi ya daraja la tatu habari yake haifiki mbali. Sisi watu wa Mv Bukoba na Spice Islander tunalijua hilo. Mtangazaji alisoma sehemu hii mara moja tu, bila kukosea, akavua vipokea sauti akatoka nje. Nimeiacha hivyo hivyo.

Jumapili, 24 Agosti

New York kwa haraka: Castle Garden kuanzia 1855 hadi 1890, Ellis Island kuanzia Januari 1892. Daktari anakutazama unavyopanda ngazi, anakupindua kope kutafuta trakoma, na akiwa na shaka unachorwa chaki kwenye koti. Waliokwenda na Allan walishukia Quebec wakati wa kiangazi, kisha reli ya Grand Trunk hadi Chicago. Wanorwe wengi hawakukaa New York hata wiki, tiketi iliwavuta mbele. Baadaye tu, mwanzoni mwa karne ya 20, ndipo Brooklyn ilipojaa mabaharia na maseremala wa Kinorwe.

Na hapo mpwa akauliza swali ambalo limetuchelewesha: “Mjomba, waliorudi je?”

Waliorudi ni wengi. Kwa walioondoka baada ya 1880, inakadiriwa karibu robo walirudi Norwe. Mvuke ulifanya kurudi kuwezekane: unajenga nyumba za watu Brooklyn miaka mitano, unapanda meli, unanunua shamba kusini kule Agder. Sensa ya Norwe ya 1910 iliwaandika waliorejea kutoka Marekani kwa makusudi. Rasi ya Lista ilijaa watu wa namna hiyo, na mpaka leo utakuta huko mambo mengi ya Kimarekani.

Ramani zote nilizoona zina mishale ya kwenda tu. Yetu itakuwa na ya kurudi, rangi ileile, unene robo ya ule wa kwenda. Maana yake Liverpool na Hull zichorwe upya, kwa kuwa nafasi ya mshale wa pili haikuwepo. Mpwa kanuna, halafu kachukua kifutio.

Jumamosi, 13 Septemba

Hali ilivyo: Christiania, Bergen, Hull, Liverpool, Quebec, New York, Chicago na Minneapolis zimekamilika kwa rangi. Trondheim bado penseli. Sauti zote zimerekodiwa isipokuwa ya mwisho, inayohusu kufungwa kwa mlango: sheria za 1921 na 1924 zilizoweka idadi maalumu kwa kila nchi. Kwa Norwe ile ya 1924 ilikuwa 6,453 kwa mwaka, kisha 1929 ikashushwa hadi 2,377. Mtangazaji anataka niongeze sentensi kuhusu wanaongojea viza leo. Nimekataa, amekataa kukataa kwangu. Tutaamua Jumanne.

Ukumbi wamesema tusitumie gundi kwenye sakafu, kwa hiyo utepe wa vitanda lazima uwe ule unaotoka bila kuacha alama. Mwenye kuujua duka lake aniambie. Na Bibi jirani anasafiri hadi Novemba: kama kuna mtu anayesoma mwandiko wa Kidenmaki wa karne ya 19, ambao ndio waliouandika Wanorwe enzi hizo, tuna kurasa mbili za daftari la Trondheim la 1882 zinazomsubiri, na chai ipo.